Orodha ya kesi za tiba katika mahakama ya hakimu mkuu: tunasimama juu ya sheria gani, na kazi yenyewe inaendaje?

Probesheni_Mpakani anauliza:

Salaam wanajukwaa. Nipo upande wa ustawi wa jamii, wilaya ya mpakani mashariki mwa Uganda. Mheshimiwa hakimu mkuu amekubali kila baada ya wiki mbili Alhamisi mchana itengwe kwa kesi ndogo ambazo mzizi wake ni waragi (pombe kali), bangi, mairungi (miraa) au unga (heroini): wizi wa simu na kuku, kuharibu mali, kupigana kwenye vilabu, ili mtu atibiwe chini ya macho ya mahakama badala ya kufungwa. Ni watu wale wale. Mtu anafungwa miezi mitatu, anatoka, na baada ya wiki chache jina lake limerudi ubaoni. Magereza ya nchi nzima yamebeba zaidi ya mara tatu ya uwezo wake, kwa hiyo hata mkuu wa gereza anatuunga mkono.

Ninachohitaji kwa wenye ujuzi:

Bila sheria mpya kutungwa, tutasimama juu ya nini? Tuchukue watu wa aina gani na tuwaache wepi? Kupima mkojo kunafanywaje hadi matokeo yakubalike mahakamani? Mtu akiteleza, hakimu afanye nini? Halafu kuna wanaoniambia kwamba Uganda tayari ina mahakama maalumu za kila namna, hivyo hiki si kipya. Nao niwajibu vipi?

---

Jalada_Wazi:

Ndugu Probesheni, naanza na hilo la mwisho kwa sababu ndilo linalopotosha wengi. Mahakama maalumu ni jambo moja, mahakama inayoshughulikia chanzo cha kosa ni jambo jingine. Divisheni ya Kupambana na Rushwa ya Mahakama Kuu, iliyoanza 2008, ni maalumu kwa maana ya ubobezi: majaji wanaijua aina hiyo ya kesi, lakini hukumu ikisomwa kazi yao imekwisha. Mahakama ya viwango, huduma na wanyamapori pale Buganda Road, Kampala, ni hivyo hivyo. Vikao vya kesi za ukatili wa kijinsia vilivyozinduliwa 2018 katika mahakama 14 vililenga kupunguza mrundikano na kumlinda aliyetendewa. Ni kazi ya maana sana, ila navyo havikuundwa kumfuata mshtakiwa baada ya hukumu. Unachokitaka wewe kinaanzia pale wengine wanapoishia. Hakimu mmoja anamwita mtu mmoja tena na tena, anamuuliza kliniki ulikwenda, kipimo kimesema nini, kazi umepata wapi, na jibu linaleta matokeo siku hiyo hiyo.

Mfano wa kwanza ulianza Miami, Florida, mwaka 1989, wakati kesi za kokeini ya kuvuta zilipojaza mahakama na jela, na majaji wakaona wanafunga na kufungulia watu wale wale. Mwaka 1997 kaunti jirani ya Broward ikaanzisha mahakama ya wenye maradhi ya akili, na 2008 Buffalo, New York, ikafungua ya askari wastaafu. Leo Marekani ina zaidi ya 4,000 za aina zote.

Hapa kwetu, kilicho karibu zaidi na mfano huo ni Mahakama ya Familia na Watoto, iliyotokana na sheria ya watoto ya 1996. Itazame vizuri: inakaa faragha, haina vitisho vya kizimbani, na kabla ya kutoa amri juu ya mtoto inataka ripoti ya hali yake ya kijamii kutoka ofisi yako. Kesi isiyokwisha ndani ya miezi 3 tangu mtoto ajibu shtaka inafutwa. Kwa hiyo usibuni fomu mpya. Ripoti unayoiandikia mtoto ndiyo hiyo hiyo umwandikie mtu mzima, uongeze ukurasa wa matumizi ya kilevi.

Sasa sheria. Mtu ambaye kesi yake bado haijaamuliwa anaweza kuwa kwenye dhamana yenye masharti, na kuhudhuria kliniki likawa sharti mojawapo. Ni njia nyepesi lakini dhaifu, kwa sababu dhamana kazi yake ni kuhakikisha mtu anarudi mahakamani; ukiitundikia masharti kumi ya tiba, wakili mzuri ataibomoa.

Njia imara zaidi ni Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2000, yaani mtu kufanya kazi za umma bila malipo badala ya kifungo. Inahusu kosa dogo, yaani lile ambalo mahakama yaweza kulitolea kifungo kisichozidi miaka 2. Amri haivuki miezi 6, na kwa siku mtu hafanyi kazi zaidi ya saa 8. Lazima aulizwe kama anakubali, na jibu lake liandikwe. Akivunja masharti anaitwa, na mahakama yaweza kubadili amri au kuifuta na kumwadhibu kwa kosa la awali. Hapo ndipo meno yako yalipo. Pia ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu programu za Marekani huchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na wewe una miezi 6. Usijaribu kuirefusha kwa kuahirisha-ahirisha hukumu. Panga programu ya miezi 6 kamili, na anayehitaji muda zaidi awekewe tangu mwanzo amri ya probesheni, yaani kuwa chini ya uangalizi wa afisa badala ya kifungo.

Kwa wanaomaliza vizuri kabla ya hukumu, mwendesha mashtaka anaweza kuondoa shtaka kwa idhini ya mahakama. Angalia wakati wa kufanya hivyo. Likiondolewa kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea, anaachiliwa lakini anaweza kushtakiwa tena; likiondolewa baada ya hapo, anahesabiwa ameachiwa huru kabisa. Mwambie mteja tofauti hiyo siku anaposaini, asije kushangaa baadaye.

Makosa ya kumiliki dawa zenyewe yaache kwa sasa. Sheria ya dawa za kulevya ilibatilishwa na Mahakama ya Katiba Mei 2023 kwa sababu Bunge liliipitisha bila akidi, kisha ikapitishwa upya Agosti mwaka huo huo. Adhabu zake ni nzito, na vifungu vingi viko mbali na kizingiti cha miaka 2. Anza na makosa yanayozaliwa na ulevi: wizi mdogo, uharibifu, vurugu.

---

Kliniki_ya_Kata:

Kabla hamjafika kwenye mkojo, kuna jambo linaloua, na mahakama nyingi hazilijui.

Mtu aliyekunywa waragi kila siku kwa miaka, akikamatwa na kuwekwa selo, mwili unaachishwa ghafla. Kutetemeka, jasho na kichefuchefu huanza saa 6 hadi 24 baada ya kinywaji cha mwisho. Degedege huja kati ya saa 6 na 48. Kisha, kati ya saa 48 na 96, wengine huchanganyikiwa kabisa: wanaona vitu visivyopo, moyo unakimbia, joto linapanda. Bila matibabu hali hiyo huua. Katiba inampa polisi saa 48 kumfikisha mtu mahakamani, kwa hiyo anafika mbele ya hakimu katikati ya dirisha la hatari. Anayeonekana kizimbani kama mkorofi au mwendawazimu huenda anakufa polepole. Maswali mawili ya karani yanatosha kumuokoa: ulikunywa mara ya mwisho lini, na umewahi kupata degedege ulipoacha? Akisema ndiyo kwa la pili, apelekwe hospitali siku hiyo, apewe diazepamu kwa usimamizi pamoja na vitamini B1, na vitamini itangulie dripu ya glukosi. Hakimu asimwamuru mtu wa namna hiyo "uache leo".

Arosto ya unga haiui kirahisi vile, ingawa inatesa. Hatari ya unga iko upande wa pili: mtu akikaa gerezani miezi michache uwezo wa mwili kustahimili unapungua, akitoka anarudia kipimo chake cha zamani, anazimika. Hospitali ya Butabika ilifungua kliniki ya methadoni (dawa ya kutibu utegemezi wa unga) mwaka 2020. Kama mteja wenu anaitumia, msimhesabu kama anayetumia dawa, wala msimtake aiache ili "ahitimu". Kuna mahakama za Marekani zilizofanya kosa hilo kwa miaka mingi na watu wakafa.

Kuchuja: tumieni dodoso la AUDIT la Shirika la Afya Duniani. Maswali 10, alama 0 hadi 40. Alama 8 na zaidi ni unywaji wenye madhara, 20 na zaidi inaashiria utegemezi na apimwe na mtaalamu. Dakika tano kwa kila mtu. Aulize mtu wa afya, asiwe askari, na aulize kwa lugha ya nyumbani. Swali la "vinywaji vingapi" halina maana kwa anayekunywa malwa kwa mrija kwenye chungu cha pamoja. Uliza amekaa chunguni saa ngapi na mara ngapi kwa wiki.

Mkojo sasa. Kikombe kiwe na kipimajoto cha kubandika. Ndani ya dakika 4 joto lazima lisome nyuzi 32 hadi 38. Nje ya hapo ni mkojo wa mtu mwingine, wa jana, au maji. Kreatinini (taka ya mwili inayotoka na mkojo) ikiwa chini ya miligramu 20 kwa desilita, umechanganywa na maji au mtu amebugia lita kadhaa kabla ya kuja. Mtoaji aangaliwe na mtu wa jinsia yake, kwa heshima.

Muda wa kuonekana ndio unaowapotosha mahakimu. Unga: siku 2 hadi 3. Kokeini: siku 2 hadi 4. Bangi: anayevuta mara moja moja siku 3 hadi 4, anayevuta kila siku mwezi mzima na zaidi. Kwa hiyo mvutaji wa kila siku akisoma "ipo" wiki ya tatu, hujathibitisha kwamba amevuta tena. Kwake wiki nne za kwanza msiadhibu kwa kipimo cha bangi hata kidogo. Pombe kwenye pumzi hutoweka ndani ya saa chache. Kuna kipimo cha mkojo kinachosoma mabaki yake kwa takribani siku 3, kitafuteni hicho kwa sababu wateja wenu wengi watakuwa wa pombe. Mairungi haina nafasi kwenye vijiti vya kawaida vya kliniki vya kupimia mkojo, na hapo mtabaki na kuangalia macho, usingizi, uzito, na maelezo ya familia.

Siku ya kupima isijulikane. Ukipima kila Alhamisi, mtumiaji wa unga anaacha Jumatatu na Alhamisi anasoma safi. Pigeni simu asubuhi, afike kabla ya saa nane mchana.

Na kijiti ni dokezo tu. Dawa ya kikohozi yenye kodeini inaleta jibu la "ipo" upande wa afyuni. Mteja akikana, sampuli ifungwe mbele yake, asaini kwenye lakiri, iende maabara ya mkemia wa serikali, Wandegeya. Msimfungie mtu mlango kwa kijiti peke yake.

---

Mtetezi_Kizimbani:

Nayapokea yote ya waliotangulia, ila natazama kutoka upande wa anayesimama kizimbani, na hapo naona mashimo.

La kwanza ni ridhaa. Mtu aliyekaa rumande wiki sita atasaini chochote kitakachomtoa. Ridhaa yake ina maana kama amezungumza na wakili au msaidizi wa sheria kabla ya kusaini, akapewa siku chache za kufikiri, na akaelezwa kwa lugha anayoielewa: nitafanya nini, kwa muda gani, nikishindwa nitapata nini, na nisipojiunga kesi yangu ingeishaje. Mpakani mwenu mtahitaji mkalimani wa Lusamia na Ateso. Kiswahili na Luganda havitoshi kwa kila mtu.

La pili, uwiano. Mtu ambaye angepata onyo au faini ndogo hastahili miezi 6 ya kukojoa kwenye kikombe mbele ya askari. Kama kesi ni ya kugombana na inaweza kumalizwa kwa suluhu na fidia, sheria ya mahakama za mahakimu inaruhusu hivyo kwa makosa madogo ya watu binafsi, na Katiba kifungu cha 126 inahimiza upatanishi. Imalizeni hivyo. Aliyekamatwa kwa "kuzurura" asiingizwe kabisa: mwaka 2022 Mahakama ya Katiba ilifuta sehemu za kosa hilo. Programu nzuri ikiwapo, polisi huanza kukamata watu ambao zamani wangewaacha, wakiamini wanawasaidia. Hesabuni kila mwezi: kati ya walioingia, wangapi wangefungwa kweli? Kama ni chini ya nusu, mmetandaza wavu, hamjapunguza wafungwa hata mmoja.

Hili linakwenda sambamba na utafiti wa Marekani juu ya nani achukuliwe. Programu nzito huwafaa walio na hatari kubwa ya kurudia kosa na uhitaji mkubwa wa tiba. Ukimwingiza kijana wa kosa la kwanza akae benchi moja na wazoefu, unamharibu. Ndugu Probesheni, nafahamu mnatamani kuanza na "wepesi" ili takwimu zing'ae. Msifanye hivyo. Chukueni yule ambaye jina lake linarudi ubaoni.

La tatu ni kukiri. Kanuni za makubaliano ya kukiri kosa za mwaka 2016 zinatoa kinga mbili za maana: yaliyosemwa kwenye mazungumzo yaliyoshindikana hayatumiki kama ushahidi, na hakimu aliyeshiriki mazungumzo hayo haisikilizi kesi hiyo. Sasa fikirini. Hakimu wenu ndiye atakayekuwa amekaa na timu, amesikia kila kitu juu ya ulevi wa mtu. Mtu akiondolewa kwenye programu kabla ya hukumu, jalada lazima liende kwa hakimu mwingine. Wilaya yenye hakimu mmoja tu anayepatikana isianze kwa njia hiyo. Ianze kwa watu waliokwisha kuhukumiwa.

La nne: mtu wa kliniki aripoti mambo manne tu. Alihudhuria au hakuhudhuria, kipimo, anaendelea vipi kwa neno moja au mawili, na kama kuna hatari kwake au kwa mwingine. Yaliyosemwa kwenye ushauri nasaha yabaki huko. Siku mwendesha mashtaka atakapofungua shtaka jipya kutokana na maneno ya mteja kwa mshauri wake, hakuna atakayesema kweli tena.

La tano, nauli. Kliniki iko kilomita 20, boda kwenda na kurudi mara mbili kwa wiki inakula mshahara wote wa kibarua. Kukosa kufika kwa sababu ya nauli kukiadhibiwa, mnaadhibu umaskini. Amueni kabla ya kuanza nani atalipa, au mleteni muuguzi mahakamani.

Wenye maradhi ya akili msiwachanganye humu. Mshtakiwa asiyeelewa kinachoendelea hawezi kuridhia kitu. Aende kupimwa akili kwa fomu ya polisi PF24, kesi ifuate njia yake. Njia hiyo imekuwa na majeraha yake: watu wamekaa gerezani miaka mingi wakingoja Waziri wa Sheria atoe amri ya hatima yao, hadi mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Fort Portal ikaamua kwamba mahakama yenyewe inaweza kutoa amri hiyo. Hiyo ni mada ya uzi mwingine.

Na msidhani mfano wa nje ukihamishwa unafanya kazi wenyewe. Liverpool, Uingereza, kulikuwa na kituo cha haki cha jamii, jengo zuri, huduma zote chini ya paa moja. Tathmini ya serikali haikuona tofauti ya kurudia makosa ukilinganisha na mahakama za kawaida, na mwaka 2013 serikali ikatangaza kukifunga.

---

Probesheni_Mpakani:

Asanteni sana, hasa hilo la saa 48 hadi 96. Kesho naongea na afande wa kituo. Yamebaki mawili. Kikao chenyewe kinaendeshwaje, nani anasema nini na kwa muda gani, na mtu akiteleza ngazi za adhabu zikoje? Pili, kuna wanaume wanaopiga wake zao wakilewa. Wako wengi. Tuwaingize?

---

Karani_wa_Alhamisi:

Nitajibu la kwanza kwa kirefu kwa sababu programu nyingi hufa kwenye uendeshaji, sheria ikiwa iko sawa.

Anzeni na watu 12, msizidi. Saa saba na nusu timu inakaa faragha: hakimu, mwendesha mashtaka, wakili wa utetezi, wewe wa probesheni, mtu wa kliniki, na afande mmoja. Wakili lazima awepo. Kikao cha hakimu na mwendesha mashtaka bila utetezi ni kosa. Kila mteja ana karatasi moja yenye mistari minne ile aliyoitaja Mtetezi. Dakika 3 hadi 5 kwa mmoja, mnakubaliana nini kitafanyika. Saa nane na nusu mahakama inafunguliwa.

Hakimu azungumze na mtu mwenyewe, macho kwa macho, sio kupitia wakili. Kiwango cha chini ni dakika 3 kwa kila mmoja. Chini ya hapo ni kuita majina tu. Wote 12 wabaki ukumbini hadi mwisho, kwa maana mteja wa tisa anajifunza kwa kilichompata wa pili. Waiteni kwanza wanaokwenda vizuri.

Ngazi za miezi 6 zigawanye hivi. Wiki ya 1 hadi ya 8: mahakamani kila baada ya wiki mbili, kupimwa mara 2 kwa wiki. Wiki ya 9 hadi ya 18: mahakamani kila mwezi, kipimo 1 kwa wiki, na huduma kwa jamii inaanza kwa ukamilifu. Wiki ya 19 hadi ya 26: mahakamani kila mwezi, kipimo 1 kila baada ya wiki mbili, na hapa uzito uhamie kwenye kazi na makazi. Kuhitimu kunadai siku 90 mfululizo za vipimo safi. Piga hesabu ya vikombe kabla ya kumwomba mfadhili: kwa watu 12 ni 192 ngazi ya kwanza, 120 ya pili, 48 ya tatu, jumla 360. Agiza 400. Vikombe vikiisha mwezi wa nne, wateja watajua ndani ya wiki moja.

Kuteleza. Tenganisheni mambo ambayo mtu anaweza kuyafanya leo na yale yanayochukua muda. Kufika, kusema kweli, kutoa sampuli yake mwenyewe: haya anayaweza leo, akishindwa kuna adhabu ndogo ya papo hapo. Kuacha kabisa kilevi hawezi leo, kwa hiyo kipimo kibaya wiki ya tatu kinajibiwa kwa kuongeza tiba, sio adhabu. Mwezi wa tano mambo yanageuka. Anayekiri kabla ya kupimwa apate jibu jepesi kuliko anayekana hadi maabara imuumbue.

Adhabu zipande polepole: kuonywa mbele ya wote, kuripoti kwa afisa mara mbili zaidi, kukaa mahakamani siku nzima akisikiliza kesi, siku za kazi ya jamii ndani ya mipaka ya amri, kurudishwa ngazi moja. Marekani hakimu huweza kumlaza mtu jela siku 3 hadi 5 kama nidhamu. Hapa usiige. Mtu aliye kwenye amri ya huduma kwa jamii aitwe kwa wito, asikilizwe, ndipo amri ibadilishwe au ifutwe. Aliye kwenye dhamana, dhamana ifutwe kwa sababu za kisheria zilizoandikwa. "Siku tatu ukapoe kichwa" haina mguu wa kusimamia.

Pongezi ziwe nyingi kuliko adhabu, takriban nne kwa moja. Hazigharimu: makofi ya ukumbi, kuitwa wa kwanza na kuruhusiwa kuondoka mapema, barua ya hakimu kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) kwamba mtu huyu anafanya vizuri. Hiyo barua ina nguvu kijijini kuliko mnavyodhani, kwa kuwa LC1 ndiye aliyekuwa akimtaja kwa polisi kila kuku anapopotea.

Kinachoangusha zaidi ni uhamisho. Hakimu anahamishwa, mwendesha mashtaka anahamishwa, na anayekuja anakuta majalada 12 ambayo hayafanani na kitu alichokizoea. Tangu siku ya kwanza hakimu wa daraja la kwanza akae pembeni kama mwanafunzi, na kwenye kila jalada, ukurasa wa juu kabisa, kuwe na mistari mitano: kosa, amri, tarehe ya mwisho ya amri, ngazi, ahadi aliyopewa mteja. Ahadi ndiyo muhimu. Mtu aliyeahidiwa shtaka kuondolewa, akakutana na mwendesha mashtaka mpya asiyejua lolote, ataenda kuwaambia wenzake wote.

---

Jalada_Wazi:

Nalijibu la wanaume wanaopiga. Kwenye orodha hii, hapana.

Kwanza tazama mtego. Kosa chini ya Sheria ya Ukatili wa Nyumbani ya 2010 adhabu yake haizidi miaka 2 au faini ya pointi 48 za sarafu, ambayo ni shilingi 960,000. Kwa hiyo kwa karatasi linaingia kwenye huduma kwa jamii, na kila mtu atakuona mgumu ukikataa. Lakini programu yako inapima kama mwanaume amekunywa. Haipimi kama mke yuko salama. Wapo wanaoacha pombe wakaendelea kupiga. Na cheti cha kuhitimu mikononi mwa mtu wa namna hiyo ni silaha: atamwonyesha mke na wazee kwamba mahakama imemsafisha.

Kuna shinikizo jingine pia. Mwanaume akiwa kwenye orodha ya tiba, ukoo wote unamwendea mwanamke ili akubali "suluhu" mapema mtu wao atoke. Sheria inaruhusu mahakama kuhimiza suluhu kwa makosa yasiyo mazito. Haimlazimishi hakimu kuihimiza.

Brooklyn walipofungua mahakama ya kesi hizi mwaka 1996, waliiweka peke yake, na mtu wa kwanza kuajiriwa upande wa huduma alikuwa wa kumsaidia mwathirika. Mkitaka kuzishughulikia, tengeni Alhamisi nyingine. Mwanamke aulizwe peke yake, mume na wakwe wakiwa nje ya jengo. Fomu PF3 ya majeraha iwe kwenye jalada kabla ya hatua yoyote. Ombi la amri ya ulinzi ya muda liwasilishwe siku ile ile mume anapoomba dhamana, kwa sababu usiku wa kwanza baada ya dhamana ndio wenye hatari. Karani awe na namba ya simu anayoishika mwanamke mwenyewe, sio ya nyumbani, na ampigie kabla mume hajatoka nje ya geti, kila mara, hata kama ni dhamana ya tatu.

Yule wa kupigana kilabuni na mlevi mwenzake, huyo mwingize. Ila angalia rekodi yake kwa LC kwanza, mara nyingi anayepiga kilabuni anapiga na nyumbani.